Cherehani au pesa mkononi: manusura wa Mtwapa aanze na nini?

Pwani ya Kenya, kuanzia Mtwapa hadi Ukunda, anayemsaidia mwanamke aliyetumikishwa kingono mara nyingi humpeleka kwenye kozi ya ushonaji, kisha humkabidhi cherehani. Wengine wanasema apewe pesa, ajiamulie.

Watetezi wa mafunzo wana hoja: ufundi haunyang'anywi, pesa hunyang'anywa. Huenda laini yake ya M-Pesa imesajiliwa kwa jina la yule aliyemtumikisha, na "deni" la chumba na chakula bado anadaiwa. Pesa ikiingia saa nne, saa tano haipo.

Lakini kozi ya miezi sita ni miezi sita bila kipato, na kazi aliyoiacha ilimlipa usiku uleule. Mwenye nyumba haangalii cheti. Akikatiza mwezi wa pili ataandikwa hana nia, ilhali alichokosa ni unga na kodi. Hilo ni dhuluma. Hata akimaliza, cherehani pekee haimfungulii duka: anahitaji ovaloki ya kumalizia pindo, pasi, mkasi, uzi, vitambaa vya kuanzia na kibanda. Sare za shule hushonwa zaidi kuelekea Januari. Anayehitimu Machi huanza na ukame wa wateja. Wenzake wote wa darasa nao wanashona mtaa huohuo, wakishindana na mitumba. Ndipo cherehani huuzwa.

Hofu kwamba pesa itaishia kwenye ulevi ina msingi dhaifu. Huko Rarieda, Siaya, mwaka 2011 hadi 2012, kaya maskini zilizopewa pesa bila masharti hazikuongeza matumizi ya pombe wala tumbaku. Ila kaya zile hazikuwa na mtu wa kuwadhibiti mlangoni, kwa hiyo usalama ndio wa kupangwa kwanza.

Kwa maoni yetu, aanze na kitambulisho. Kikipotea, aripoti polisi apewe abstrakti (hati ya kuthibitisha upotevu), aende Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) apate kingine, kisha asajili laini kwa jina lake. Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba moja kwa moja. Posho ya chakula itolewe kila wiki mpaka kozi iishe. Asubuhi auze mahamri au viazi karai, pesa izunguke kila siku. Mchana ajifunze ufundi aliouchagua mwenyewe. Mtaji ugawanywe mara mbili, sehemu ya pili itolewe baada ya kuona biashara inavyokwenda. Na kikundi chao cha kuweka akiba kisiitwe cha manusura, maana jina hilo huwafikia majirani kabla ya bidhaa.

Aliye chini ya miaka 18 hahitaji mtaji. Ipigwe 116, simu ya msaada kwa watoto, apate ulinzi, arudi shule.