Utaratibu wenyewe mnaujua?

Habari inaeleza wenza wa kigeni wanavyonyimwa viza ya Uingereza, na wachangiaji wengi mnasema "wangefuata utaratibu." Upi? Tangu Aprili 11, 2024 anayemwita mwenza wake anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa 18,600. Mshahara wa mwombaji aliyeko Dar hauhesabiwi, hata awe meneja wa benki.

Dada yangu anatunza wazee huko, zamu za usiku. Kipato kilitosha. Ila mshahara wa mwezi mmoja uliingia akaunti ya zamani, na taarifa ya akaunti hiyo haikuambatanishwa. Shemeji akanyimwa, basi!

Na huyo anayeshauri "aje kwa viza ya matembezi, abadilishe akiwa ndani," tafadhali usiponze watu. Haibadilishwi. Afisa wa uwanjani akifungua begi akakuta vyeti vya shule na cheti cha ndoa, dalili kwamba umekuja kukaa, maswali yake mtayaweza? Ada ya maombi yaliyokataliwa nayo hairudi, na cheti cha kipimo cha kifua kikuu kinachotakiwa kwenye maombi hudumu miezi sita tu, kwa hiyo shemeji anapima tena wiki ijayo.