Mtambo wa tetemeko na ng'ombe wa ami

Mie kazi yangu matetemeko ya ardhi. Si kuyatabiri, maana kila nikitaja kazi yangu mtu ananiuliza lijalo lini, hilo hakuna anaelijua duniani. Kazi yangu kuyasikiliza yakishatokea, nijue yametokea wapi na yametokana na nini. Na kilichonitia wazimu hasa ni Mayotte, kile kisiwa cha upande wa Komoro. Mwaka 2018 mwezi wa Mei ardhi ya kule ikaanza kutikisika, ikaendelea miezi na miezi, halafu Novemba 11 ukapita mtetemo mmoja wa ajabu, mpolee, wa dakika ishirini hivi, ukaizunguka dunia, vyombo vikaunasa hadi Kanada na New Zealand, na binadamu hata mmoja hakuhisi kitu. Kumbe chini ya bahari kunazaliwa volkano mpya! Wakaja kuiona 2019, mlima wa mita 820 umeota kwenye sakafu ya bahari. Na kutoka Pemba hadi hapo ni kama kilomita elfu moja tu. Halafu Agosti 2020 likaja la kwetu wenyewe, ukubwa wa 6 hivi, baharini upande wa Mafia, usiku saa mbili na kitu, mie nilikuwa Mjini nikatoka nje na sahani ya wali mkononi.

Bas nikapata mtambo, nikasema naupeleka Pemba shambani kwetu, huko Konde ndani ndani, mbali na barabara. Mtambo wenyewe mdogo tu, unaingia kwenye ndoo, lakini roho yake nyepesi mno. Unachimba shimo, unaweka pipa la plastiki, chini unamwaga saruji na kuisawazisha, unauelekeza kaskazini kwa dira, unaangalia kile kipovu cha maji kikae katikati, ndo unafunika. Nje unasimamisha nguzo ya sola, betri na jipiesi ya kutunza saa. Unapima mara mia kwa sekunde. Hata karibu na mnazi huweki, maana upepo ukitikisa mti mizizi nayo inatikisa ardhi, na hata ukiuweka pazuri namna gani bado utausikia mvumo wa mawimbi ya bahari, huo haunyamazi.

Sasa baada ya ishaa tuko barazani, kahawa na kashata, wazee wanataka kujua kile kitu ni nini. Nikafungua laptopu, nikamwambia mtoto nenda kule karibu na shimo urukeruke, mstari ukapanda hivi! Watu wakashangilia. Sheha akauliza taratibu, "Na mtu akipita usiku, peke yake, ananyata?"

"Akipita jirani, anaonekana, tena na saa yake na sekunde."

Ami yangu akaiweka chini kahawa yake na haikumalizwa.

Kuanzia asubuhi yake, yakhe, nikawa ofisi. Kaja mtu kaibiwa karafuu kwenye jamvi anataka nimtazamie jumanne usiku. Kaja mwengine, huyu hakuibiwa kitu, yeye anauliza kama yaliyomo mle yanaweza kufutwa. Kaja Bi Mkubwa, mke wa ami, na sahani ya mkate wa kumimina imefunikwa kawa, kakaa, kanizungumzisha habari za Mjini weee, mwisho ndo akasema, "Mwanangu, huko nyuma ya nyumba yangu hakupiti mtu usiku?" Nikamueleza kwamba mtambo unaona hatua lakini haujui za nani. Akanitazama.

"Volkano la Komoro unalijua, nyayo za mtu wa hapahapa Konde ndo huzijui?"

Kula mkate nilikula.

Siku zile zile data ikaharibika. Kila usiku kuanzia saa tatu mpaka karibu na alfajiri mstari unachafuka, vishindo, unatulia, unasuguasugua, vishindo tena. Msimamizi wangu huko Ulaya akaniandikia kwa furaha, kuna mtetemo hapa wa muda mrefu, usije ukawa wa volkano, maana magma, yale mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, na gesi zikipita kwenye miamba zinaweza kutoa mvumo wa masaa mfululizo. Pemba bwana! Kisiwa cha matumbawe na karafuu, volkano itokee wapi. Nikachukua tochi usiku nikaenda mwenyewe.

Nakuta ng'ombe. Dume la gari la ami, limefungwa kwenye nguzo yangu ya sola, linajikuna shingo kwa raha zake, na mguu mmoja juu ya mfuniko. Wazee wetu walikuwa wakisema dunia imebebwa na ng'ombe kwenye pembe, akichoka akihamisha pembe ndo ardhi inatetemeka, wa kwangu mie alikuwa juu! Na ami mwenyewe hayupo.

Nikammulika. Akashtuka, akavuta, nguzo ikang'oka na sola yake na waya wake, akatoka mbio na vyote vinaburura nyuma, kwanga kwanga kwanga, kapita kwenye mihogo, kapita uwanja wa skuli, mie nyuma nalia na sola yangu, mbwa, watoto, majirani na tochi za simu, kijiji kizima kiko nje. Na yule ng'ombe hakuwa akikimbia ovyo, anaijua njia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kijumba cha mjane mmoja kule bondeni akasimama mlangoni, akaingiza kichwa kwenye karai la maganda ya ndizi lililowekwa hapo makusudi.

Mlango ukafunguliwa. Ami, na msuli, kifua wazi.

Akamtazama ng'ombe, akanitazama mie, akautazama umma.

"Aa," akasema, "ndo namtafuta huyu ng'ombe."

Sauti ikatoka nyuma yetu, Bi Mkubwa na kanga yake kichwani. "Umemtafuta mpaka umevua shati?"

Ndoa ilikuwa halali lakini, tena ya zamani kidogo, na mashahidi wake wawili, mmoja ndie yule sheha. Ng'ombe alikuwa akifungwa kwenye mtambo ili azizibe hatua za ami akipita kwenda bondeni.

Sola ilipasuka, stesheni ikazima, na msimamizi akaandika kuuliza mbona mtetemo umekatika ghafla saa tano kasoro, nimjulishe chanzo. Nikamuandikia chanzo ni mfugo. Ami hasemi na mie mpaka leo, anasema nimemchokoza ng'ombe wake. Bi Mkubwa ndo tunazungumza vizuri, na keshaniuliza kama mradi una mtambo wa pili, mahala pa kuuweka anapo.