Masharubu ya silva naitreti

Hii ilinikuta nikiwa form four, shule moja huku Temeke, na mpaka leo nyumbani wakiweka ile video ya send-off ya dada mimi nakumbuka ghafla nimetumwa dukani.

Ijumaa mchana tulikuwa na praktiko ya kemia, ticha kampa kila mtu unga mweupe, haya tafuta mwenyewe ni chumvi gani. Mi nilishakariri. Nikautia asidi nione povu, maana ukitoa gesi ikageuza maji ya chokaa yakawa kama maziwa basi ni kaboneti, wapi, umekaa kimya kama mgeni anayesubiri chai. Nikasuuza testi tyubu nyingine, nikayeyushia unga humo, asidi ya naitriki kidogo, matone ya silva naitreti, ile dawa inayotoa weupe ikikuta kloraidi, weupe huoooo! Nikaandika kloraidi na mstari nikapiga kwa rula.

Ticha kaja, "Tyubu umeoshea maji gani?" Ya bomba la nje, ticha. Darasa zima likaangua kicheko, maana bomba lile ni la kisima na chumvi yake hata sabuni haitoi povu. "We umepima kisima," akasema. Kumbe unga ulikuwa naitreti.

Sasa hiyo ilikuwa aibu ndogo. Feni ya maabara ilishakufa, joto la Februari Dar mnalijua, na chupa ya silva naitreti ilikuwa inachuruzika shingoni, vidole vimelowa nami bila kufikiri nikajifuta jasho juu ya mdomo, upande wa kulia. Lile dude ni jeupe kama maji, huoni kitu. Linasubiri mwanga, na mimi nikatoka nalo kwenye jua la saa nane.

Kwenye daladala ya Mbagala Rangi Tatu konda ananiangalia, anaangalia pembeni, ananiangalia tena. Mwisho kashindwa, "Dogo, masharubu mengine umeyaacha wapi?" Nikajiona kwenye kioo cha simu. Nusu sharubu, nyeusi tii, limekata katikati ya pua kama limepimwa. Vidole navyo kama nimechomoa mkaa jikoni.

Nyumbani shikamoo haikuitikiwa. Mama kashika dodoki na sabuni ya kipande akanisugua mpaka mdomo ukavimba, doa linang'aa tu, kwa sababu ile ni fedha imeshaingia kwenye ngozi, inatoka ngozi ikibanduka yenyewe baada ya wiki moja au mbili. Bibi akasema kuna mtu kanichezea. Na send-off kesho yake, mimi ndo wa kubeba keki!

Shangazi ndo akaja na akili yake. Kama upande mmoja hautoki, basi tuongeze wa pili. Akachukua wanja, ulimi nje, akanichora sharubu la kushoto likafanana kabisa, nikawa jibaba la miaka 17. Ukumbini MC kaniona tu, "Tumkaribishe mjomba wa bibi harusi!" watu vigelegele, nami nikapunga mkono, ningefanyaje.

Ila ukumbi ule mafeni mawili na watu mia tatu. Kwenye video naingia na keki nina masharubu mazima, kamera inahamia kwa dada, ikirudi kwangu la kushoto limeshateremka mpaka kwenye kola ya shati jeupe. La kulia liko palepale.