Zima sauti umtazame Benny Hill

Mwaka 1989 Thames Television ya Uingereza ilikifuta kipindi cha Benny Hill, mchekeshaji Mwingereza. Mpaka leo husimuliwa kwamba wanaharakati wa haki za wanawake walimnyang'anya mzee ugali wake. Si haki kuwasingizia. Kipindi kilikuwa ghali, na watazamaji, waliopita milioni 21 mwaka 1971, walikuwa wamepungua sana.

Watetezi wake wana hoja, tena si ndogo. Wanasema mjinga wa kila kichekesho ni mwanamume: ndiye mwenye uchu, ndiye anayekula kofi, na mwishoni ndiye anayekimbizwa na kundi la wasichana, picha zikienda mbio na saksafoni ikilia. Aliyeaibika ni yeye.

Hebu itazame tena ile mbio ya mwisho, safari hii ukiwa umezima sauti. Wasichana wanakimbia wakiwa wamevaa nguo za ndani na soksi za mapajani tu. Gauni limebaki mlangoni au mtini, dakika moja iliyopita. Kamera inashuka kifuani, inashuka mapajani, usoni haikai. Sasa washa sauti. Umekosa nini? Muziki tu. Mtu atasema hata Hill hasemi kitu pale. Kweli, lakini yeye ameshaongea kipindi kizima: ameimba, ameigiza Mchina, mtangazaji, bibi kizee. Wale wasichana, wengi wao, wamecheza dansi na kuinama. Huo ushindi wanaopewa mwishoni wanaupata wakiwa wameshavuliwa, na mtazamaji ameshapata alichokuja kukitazama. Hapo ndipo utetezi ule unaponishinda kuupokea.

Mwaka 1987 mchekeshaji kijana, Ben Elton, alilalamika kwamba mwanamke hawezi kutembea salama bustanini, ilhali televisheni inageuza kukimbizwa kwake kuwa mzaha. Alikosea kidogo kuhusu nani humkimbiza nani, na wengi wakaling'ang'ania kosa hilo ili wasijibu swali lenyewe. Wakamwona adui wa kicheko. Naye kazi yake ilikuwa kuchekesha watu!

Waliokulia Kenya wanaikumbuka Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni. Mama Kayai aliingia sebuleni amevaa lesso yake, akasimama mbele ya Mzee Ojwang, akafungua mdomo. Zima sauti hapo uone kama kuna kichekesho kilichobaki.