Ardhi Ipo, Basi Tuzae?

Kama kuna mkoa ambao hoja ya "ardhi tunayo, zaeni tu" ingepaswa kukubalika bila ubishi, ni Lindi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu kama milioni 1.2 katika eneo linalozidi kilomita za mraba 60,000. Ukikata kona Nangurukuru kuelekea Liwale, msitu unakumaliza wewe kabla hujaumaliza. Lakini ni Lindi hiyohiyo iliyoongoza nchi katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015/16: kama nusu ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa za uzazi wa mpango, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 32.

Ina maana wanawake wa Kusini hawapangi uzazi kwa kuhesabu ekari. Wanasiasa ndio wanaohesabu. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais Magufuli aliwaita wanaopanga uzazi wavivu wasiotaka kufanya kazi walishe watoto wao, akaonya watu wasisikilize ushauri wa wageni, na muda si mrefu matangazo ya uzazi wa mpango yakasimamishwa redioni na kwenye runinga. Wengi walicheka, wengine walikasirika. Mimi naona nusu ya hoja yake inastahili kusikilizwa. Shaka juu ya dawa za wageni haikuzuka hewani. Vidonge vya kwanza vilijaribiwa Puerto Rico miaka ya 1950 kwa wanawake ambao hawakuelezwa vya kutosha walichokuwa wanameza. Sindano ya Depo-Provera ilichomwa Afrika miaka mingi kabla Marekani yenyewe haijaja kuiruhusu kwa kuzuia mimba mwaka 1992. Mama anayeuliza "mbona damu haikatiki?" asiambiwe kwamba ni uvumi wa mtaani.

Nusu ya pili ndiyo inayonishinda, ile inayodhani kwamba kupanga uzazi ni jambo la kuletewa. Kabla ya kliniki, huku kulikuwa na kubemenda. Mama akibeba mimba nyingine, au wazazi wakikutana kabla mtoto hajaacha ziwa, mtoto akidhoofu ilisemwa amebemendwa, na aibu ikawaangukia wazazi wote wawili. Daktari atakwambia kinachomdhoofisha mtoto ni lishe na maradhi, na ana haki. Ila mwiko wenyewe ulifanya kazi ya kalenda: mtoto alipata miaka yake miwili ya ziwa. Na somo la mwili lilifundishwa unyagoni, na kungwi, tena bila kumung'unya maneno.

Hata dini hazikuja na sauti moja. Masasi ni ya Waanglikana, na Askofu Vincent Lucas alikuwa akijaribu kuvipa jando na unyago sura ya Kikristo wakati mkutano wa maaskofu wa Kianglikana huko Lambeth, London, mwaka 1930, ulipofungua mlango mdogo kwa uzazi wa mpango. Si mbali na hapo, Ndanda, ni kwa Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, na Roma iliufunga mlango huo mwaka 1968. Pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, masheikh wengi wanajua kwamba azl, kumwaga nje, ilijadiliwa na kuruhusiwa na wanazuoni wengi tangu zamani, ila kwa mke kuridhia.

Serikali ilikuja baadaye. Kwanza chama cha hiari cha uzazi wa mpango, kilichokuja kuitwa UMATI, kilianza Dar es Salaam mwaka 1959. Nyerere, mwaka 1969, alikumbusha kwamba kuzaa tunashirikiana na wanyama. Kulea na kusomesha ndiko kwa binadamu. Mwaka 1974 huduma zikaingia kwenye kliniki za mama na mtoto. Baadaye ikaja Nyota ya Kijani, nembo ya uzazi wa mpango, mabango kila zahanati.

Sasa swali gumu, ambalo takwimu ya Lindi hailijibu: ni nani anayeamua? Sindano inapendwa kwa sababu haionekani. Kijiti cha chini ya ngozi mkono unakipapasa, vidonge vinakutwa kwenye pochi. Wanaume wanalalamika, na si wote ni wakorofi: mtu amengoja mtoto miaka mitatu, kumbe mwenzake anachoma sindano. Huo ni udanganyifu ndani ya ndoa, tusiupambe. Lakini kwa jamii zetu za Kimakonde na Kimwera, ambako tangu zamani mtoto huhesabiwa upande wa mama, ndoa ikivunjika watoto hubaki kwa mama na wajomba. Anayebaki na mzigo akiwa na neno la mwisho, sioni dhuluma hapo. Nikilazimika kuchagua kati ya siri ya mke na amri ya mume, nachagua siri.

Tatizo ni kwamba hata hiyo siri ina mipaka. Mama anafika zahanati akitaka kijiti, anaambiwa leo kuna sindano tu. Anachoma, anapewa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Tarehe hiyo ikiangukia msimu wa korosho, yuko shambani anaokota.