MAGAZIJUTO imenijutisha jamani

Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana jamaa yangu ambaye mtoto wake anasoma darasa moja na bint yangu ameshazunguka mjini na toleo lake, et nililia mbele ya wanafunzi, et mwalimu kanipigisha magoti. Uongo. Magoti sikupiga. Machozi tuyaache, chaki ina vumbi.

Iko hivi, kila jioni mtoto anarudi na maswali kumi kwenye daftari la kazi za nyumbani, mzazi unaangalia tu kama kafanya, unasaini, basi. KUSAINI TU. Sasa mi juzi sijui nini kilinipanda kichwani nikajiona msomi. Bint kaniletea daftari, nikaona 20 − 8 + 5 kajibu 17. Nikaguna. Nikamuuliza mmefundishwa MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa kipi kinaanza kwenye hesabu? Akasema ndiyo baba. Haya itaje. Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Nikamwambia umejisikia mwenyewe? JU imetangulia TO! Unajumlisha kwanza, 8 na 5 ni 13, ndo unatoa kwenye 20, inabaki 7. Akaanza "lakini mwalimu alise..." nikamkatisha, mi hiyo kitu nimeisoma hujazaliwa.

Nikachukua raba nikafuta mwenyewe kwa mkono wangu. Na sio swali moja, manne, yote yale yenye kutoa halafu kujumlisha. Nikasaini, afu chini ya saini nikaandika "Nimesahihisha" na mstari nikapiga.

Kesho yake daftari limerudi 6/10. Huyu mtoto hajawahi kushuka chini ya tisa. Na mwalimu kachora alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, tena sio pembeni ya majibu, pembeni ya SAINI yangu.

Mtu mwenye akili hapo analala. Mi asubuhi nikaenda shule.

Nafika mlangoni, darasa zima likasimama, "Shikamoooo mzazi". Marahaba. Mwalimu kwa ustaarabu kabisa akasema mzazi karibu, tusubiri kengele tuongee ofisini, na ningekubali leo msingekuwa mnasoma hapa. Lakini nikasema, kwa sauti, hapana mwalimu, tuongelee hapa hapa na watoto wasikie, wasije wakapotoshwa. Wasije wakapotoshwa! Hayo maneno yananirudia nikiwa napiga mswaki.

Akanipa chaki.

Nikaandika 20 − 8 + 5, namba kubwaaa za kuonekana mpaka nyuma. Chaki ikalia ile kwiiii, watoto wakaziba masikio. Nikaeleza JU, nikaeleza TO, nikaandika 7, nikaizungushia duara, nikaigonga mara mbili kwa kidole. Kimya. Nikajua ni kimya cha heshima. Kumbe kuna katoto ka dawati la mbele, miguu hata chini haigusi, kamenyoosha kidole muda mrefu, na hakaniangalii mimi, kanamwangalia mwalimu. "Mwalimu, huyu kakosea."

Huyu!

Mwalimu akakatuliza, ngoja tumpe nafasi. Afu akanigeukia na ile sauti anayowapa wageni wa darasa la kwanza: "Mzazi, basi lina abiria 20. Kituoni wakashuka 8, wakapanda 5. Wamo wangapi?"

Nikafungua mdomo. Mdomo unataka kusema saba ila kichwa kimeshaliona basi. Nililiona kabisa, wale wanane wanashuka na mabegi yao, watano wanapanda, na hapo ndo nikaelewa kwamba mi usiku kucha nilikuwa nimewashusha hata wale watano ambao ndo kwanza walikuwa wanaingia. Nikawahesabu tena kimoyomoyo labda watakuwa wamepungua. Hawajapungua. Nikasema "Ku..." na darasa zima likanimalizia, kwa kuimba, "KUMI NA SABAAAA!"

Mwalimu akawauliza kwa nini. Wakajibu wote, et kujumlisha na kutoa hadhi yake moja, unaanza kushoto unakwenda kulia, inayotangulia unaifanya hiyo, na kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo. MAGAZIJUTO ni ya kukumbukia tu. Wameshafundishwa! Yaani bint alikuwa anaijua, ndo ile "mwalimu alise" niliyoikatisha.

Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa ameinama chini ya dawati anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Mengine yalienda haraka, nikaomba radhi, nikafuta ubao na kiganja cha mkono, mwalimu akaziangalia zile sehemu zilizofutwa akamrudishia mtoto alama zake, nikatoka. Jamaa yangu akapata habari saa saba mchana, kutoka kwa mwanae, nadhani ni kale ka dawati la mbele, sijataka kuuliza. Na nyie mnaonitumia picha za mabasi tangu jana nawaona, na majina nimeyaandika.

Jana jioni bint kaniletea daftari. Majibu kayafunika na kiganja, kaacha wazi pale pa saini tu. "Baba, hapa." Nikasaini. Nikamuuliza raba yako iko wapi siku hizi mbona siioni mezani.

Analala nayo.