Je, Silaha Ndefu Hulinda Njia?

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliotoka mara ya kwanza mwaka 1974, wachezaji wengi humpa askari wao silaha ya mpini mrefu wakiamini kwamba anayefika mbali zaidi hulinda zaidi. Imani hiyo si ya kubeza. Hata hivyo, mtu akiifuata kanuni ya toleo la 5 la mwaka 2014 mraba kwa mraba, atakuta kwamba urefu uleule unaompa askari eneo pana la kupiga humpunguzia, mahali pengine, uwezo wa kumzuia adui asipite.

Kanuni yenyewe ni fupi. Adui unayemwona anapotoka nje ya upeo wako, yaani umbali ambao pigo lako hufika, unaruhusiwa kutumia mwitikio wako, yaani nafasi moja ya kujibu nje ya zamu yako, kumpiga mara moja kabla hajatoka. Hilo ndilo pigo la fursa. Upeo wa kawaida ni futi 5, ambao ni mraba mmoja wa ubao wa mchezo. Mkuki mrefu, shoka la mpini mrefu au mjeledi huongeza futi 5 nyingine. Adui aliyetumia tendo lake kujinasua hapigwi, wala hapigwi aliyesukumwa na mwingine au aliyehama papo hapo kwa uchawi. Neno la kulishika hapa ni "kutoka". Anayeingia katika upeo, au anayezunguka ndani yake, hajatoka popote.

Tuchukue ukumbi mwembamba wenye upana wa futi 15, yaani miraba mitatu. Askari amesimama katikati, na mchawi wa kundi lake yuko futi 15 nyuma yake. Zimwi linakuja mbio, linapita ubavuni mwa askari na kusimama karibu na mchawi, futi 10 kutoka kwa askari. Askari huyo akiwa na upanga, zimwi limetoka nje ya futi zake 5, na atalipiga. Akiwa na mkuki mrefu, zimwi limeingia katika futi zake 10, limempita mbele ya macho yake, na limesimama bado likiwa ndani ya futi hizo 10. Hana haki ya kulipiga mpaka zamu yake ifike, na pengine mchawi atakuwa ameshaanguka. Ukumbi huo ulikuwa umekwisha kuzibwa na upanga kwa upana wake wote. Kilichoongezwa na mkuki ni kuusogeza mpaka wa upeo nyuma, hadi miguuni pa zimwi.

Jambo hilohilo hutokea kwa mpiga mishale aliyebanwa. Sheria humpa taabu ya kulenga anapokuwa na adui ndani ya futi 5. Mbele ya upanga, kurudi nyuma mraba mmoja kunamgharimu pigo. Mbele ya mkuki mrefu anarudi bure, anasimama futi 10, na anafyatua mshale bila taabu yoyote.

Wanaotetea kanuni hii nao wana hoja nzito, na ya kwanza ni ya hesabu. Uwanja ukiwa wazi, upanga unatawala miraba 8 inayomzunguka askari, ilhali mkuki mrefu unatawala 24. Anayetaka kumkwepa mwenye upanga huzunguka ukanda wa futi 15. Mwenye mkuki humlazimisha azunguke futi 25, na akiukata ukanda huo kutokea upande mmoja hadi mwingine atapigwa anapotoka. Hoja ya pili inahusu mwendo wa mchezo wenyewe. Katika toleo la 3 la mwaka 2000, adui alistahili pigo kwa kuondoka katika mraba wowote uliotishiwa, hata kama alikuwa anasogea karibu zaidi, na silaha ndefu nyingi hazikuweza kumpiga aliyekwisha kukaribia kabisa. Kanuni hiyo ilifanana zaidi na mkuki tunaoufikiria, ambao humtoboa anayeujia na kuwa mzigo akishafika kifuani. Lakini kila hatua ilihitaji kuhesabiwa, na mabishano juu ya miraba yalikula muda wa mchezo. Mpaka mmoja wa duara, kama ulivyo katika toleo la 5, huamuliwa kwa kutupa jicho.

Baadhi ya wachezaji wamejaribu kuziba pengo hilo kwa ngumi. Wanadai kwamba mwenye mkuki mrefu bado ana mkono wenye upeo wa futi 5, hivyo adui anayetoka futi 5 kwenda futi 10 ametoka katika upeo wa mkono, na anaweza kupigwa kwa ngumi. Naona dai hilo lina msingi, kwa kuwa maandishi ya kanuni huongeza futi 5 kwa pigo linalopigwa kwa silaha hiyo tu, na joka jekundu lililokomaa lina upeo tofauti kwa kucha, meno na mkia: futi 5, 10 na 15. Ila haliendi mbali zaidi ya hapo. Ngumi ya askari wa kawaida hutoa pointi 1 ya madhara pamoja na nyongeza ya nguvu zake, na zimwi halitageuza njia kwa sababu ya hizo.

Dawa iliyoandikwa ni umahiri wa silaha za mpini mrefu, uwezo maalumu ambao mchezaji humchagulia mhusika wake, unaompa askari pigo la fursa adui anapoingia katika upeo wake. Katika kanuni za mwaka 2014 wachezaji waliuunganisha umahiri huo na ule wa mlinzi, unaomsimamisha palepale aliyepigwa, na askari akawa ukuta: adui alikwama futi 10, na kama hakuwa na silaha ndefu hakuweza kumgusa. Marekebisho ya mwaka 2024 yalilibakiza pigo la kuingia lakini hayakuliita tena pigo la fursa, kwa hiyo kusimamishwa kukakatika. Nadhani uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa maana mchezaji mmoja hapaswi kufunga mlango peke yake kila raundi. Lakini umemrudisha mwenye mkuki ukumbini na tatizo lake la awali.

Kwa asiye na umahiri huo, marekebisho yako mikononi mwa mchawi. Akirudi nyuma mraba mmoja tu, hadi futi 20 kutoka kwa askari, zimwi halitaweza kumkaribia bila kuvuka futi 10 za mkuki, na pigo la fursa litarudi kwa askari.